Macho Mekundu, Holderness Road

Alfajiri Minza aliniita: "Mama, macho yamefungwa na gundi."
Tongo la manjano lilikuwa limezishika kope zote,
na alipolibandua kwa kidole kabla sijamfikia,
jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama nyanya iliyopasuka.

Mvua ya Hull ilipiga dirisha kwa ubavu.
Nilichemsha maji, nikayaacha kikombeni yapoe,
nikakaa nayo ukingoni mwa kitanda,
na katika kungoja huko akaingia bibi.

Bibi Nkwimba alipika miaka hamsini kwa mavi ya ng'ombe;
mti wa mwisho alishaukata mama mkwe wake.
Jiko lilikuwa na mlango mmoja, dirisha hakuna,
moshi ulipita palepale alipopita yeye.
Macho yake: mekundu Januari, mekundu Desemba,
mekundu akicheka.

Mwaka ule ndama wa Shigela walipokufa watatu
watu walianza kumkazia macho,
kisha wakaacha kumtazama kabisa,
na hilo ndilo lililomtisha baba.
Mganga hakutaja jina. Alisema tu,
"Ana macho kama makaa."
Kijiji kizima kilijua kuhesabu mpaka moja.

Baba alimpakia kwenye baiskeli usiku huohuo.
Nilikuwa na miaka saba. Nilishika tochi,
nikaambiwa nisiiwashe.

*

Bi Ackroyd wa duka la dawa
alimwinamia Minza bila kurudi nyuma hata hatua moja,
akamvuta ukope wa chini kama anafungua droo.
"Kwa tongo hili, bakteria.
Virusi ingekuwa majimaji zaidi, wiki mbili, na dawa hii isingekusaidia.
Chavua ingemfanya ajikune mpaka umgombeze.
Akilalamika maumivu, au mwanga ukimchoma,
au akikuambia haoni vizuri, usije kwangu,
nenda kwa daktari siku hiyohiyo."

"Na moshi?" niliuliza.
"Moshi gani?"
"Wa jikoni. Miaka hamsini."
Aliacha kubandika lebo.
"Hapo sina tone la kumpa," alisema.
"Huyo angehitaji dirisha."

Pauni sita na ushee. Nililipa kwa sarafu.

*

Pamba mpya kwa kila jicho,
kutoka puani kwenda nje, mara moja, kisha kwenye pipa.
Taulo yake peke yake, ile ya bata.
Mikono kwa sabuni, kabla na baada,
mpaka Minza akauliza kama mimi ndiye mgonjwa.
Tone lilimkuta amefumba, likashuka shavuni;
tulijaribu tena, yeye amelala chali
akihesabu madoa ya ukungu kwenye dari.

Siku ya tatu akapona, akaniachia mimi.

Kwenye basi la kwenda kiwanda cha samaki
nilikaa nimeinamisha kichwa, nikingoja watu wahame viti.
Bibi mmoja mwenye mkoba wa magurudumu aliniangalia,
akaniangalia tena.
"Pole kipenzi," akasema. "Wajukuu zangu wote wanayo."
Kisha akarudi kwenye gazeti lake.
Nilishuka kituo kimoja kabla ya changu,
maana sasa machozi yalikuwa ya aina nyingine.

*

Jumapili baba alipiga simu, akaniona kwenye kioo, akanyamaza.
"Zima kamera," alisema. Sauti ilikuwa ile ya baiskeli.
"Usitoke nje na macho hayo."

"Baba, ni bakteria. Alianza Minza. Kuna dawa."
"Inaitwaje?"
Nikasikia akitafuta kalamu, akiondoa kalenda ukutani.
Kloramfenikoli, nikamwambia, herufi moja moja.
Alinirudisha kwenye f. Alinirudisha tena kwenye n.

"Lakini bibi isingemsaidia, baba. Ule ulikuwa moshi."
"Najua," alisema.
"Tulifika kwenye k ya mwisho. Endelea."